Siku Mia Nilizoahidi Sokoni

Kwa miaka kumi na saba nilifundisha somo la Historia na Serikali katika shule moja ya upili kwenye milima ya Nyambene, si mbali na Laare. Kila mwaka nilifika kwenye mada ya jinsi mswada unavyogeuka kuwa sheria. Nilichora visanduku ubaoni nikaviunganisha kwa mishale: kusomwa mara ya kwanza, kamati, maoni ya wananchi, kusomwa mara ya pili, mara ya tatu, saini. Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini. Nikianza kwa wakati, mswada wangu ulikuwa sheria kabla ya kengele, na dakika chache za maswali zilibaki. Naamini hapo ndipo kichwa changu kilipoharibikia.

Nikitoka shuleni nilipitia sokoni, nikaketi kwenye benchi la fundi wa viatu na kuwachambua waheshimiwa wa bunge letu la kaunti. Niliwachambua kwa Kiswahili sanifu, jambo lililowafanya watu waamini kwamba najua ninachosema. Swali nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili: mtu mzima anawezaje kukaa bungeni mwaka mzima asilete hata kitu kimoja cha kushikika? Watu walitikisa vichwa kukubali. Sisi ni watu wa miraa. Inachumwa alfajiri, inafungwa kwa majani ya migomba, na kabla ya jua kuwa kali gari limeshaondoka nayo mbio kuelekea Nairobi. Ikilala njiani imekuwa takataka. Mtu aliyelelewa na zao kama hilo utamwelezaje kitu kinachoitwa kusomwa mara ya pili?

Majani hayo ya migomba yalikuwa yakiuzwa na akina mama, na mwenyekiti wao alikuwa mjane mmoja mrefu, asiyecheka ovyo, aliyekuwa akiketi karibu na benchi letu. Siku moja, nilipokuwa katikati ya hotuba yangu ya kila jioni, aliinua kichwa kutoka kwenye majani yake.

"Mwalimu, haya yote unatuambia sisi. Kwa nini usiende ukawaambie wao?"

Alikuwa na maana ya kuninyamazisha. Mimi nilisikia wito. Nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba wananchi wameniomba nigombee. Akauliza wananchi wangapi. Nikamjibu kwamba swali hilo halina msaada.

Niliacha ualimu, nikanunua suti mbili, nikaingia kwenye kampeni ya uwakilishi wa wadi. Katika mkutano wa mwisho, nikiwa juu ya pikapu katikati ya soko, mwenyekiti alisimama kuuliza swali. Choo cha soko kilikuwa kimebomoka wakati wa mvua kubwa, shimo likazibwa kwa mabati, na tangu hapo akina mama walikuwa wakijisaidia wanakojua wenyewe.

"Sisi hatutaki lami," alisema. "Tunataka choo. Utatuletea lini?"

Ningeweza kusema kwamba nitajitahidi. Ningeweza kusema kwamba kazi ya bunge ni kutunga sheria na kusimamia matumizi, na wa kujenga ni serikali ya kaunti. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa miaka kumi na saba. Badala yake nilitupa mkono hewani.

"Siku mia moja! Nitapeleka sheria bungeni, na siku ya mia mtaingia chooni!"

Vigelegele vilivyopigwa vilinifanya nijione mrefu. Sikuwa nimefanya hesabu yoyote. Mia ilisikika vizuri tu mdomoni.

Nilishinda. Nikapanga chumba Meru mjini, upande wa Kinoru, ili nisichelewe vikao. Siku ya kwanza ya kazi niliingia na mswada wangu ukiwa umepigwa chapa, kurasa tatu, nikautia kwenye bahasha ya kaki. Nilidhani nitausoma asubuhi hiyo. Asubuhi hiyo tuliapishwa, tukapigwa picha, tukaambiwa bunge limeahirishwa. Kikao kilichofuata kilikuwa cha kuunda kamati. Baada ya hapo tukapelekwa kufundishwa kanuni za bunge, ambako mimi, mwalimu wa somo hilo, nilionekana kujua mambo machache kuliko dereva wa basi lililotupeleka. Niliposimama bungeni kwa mara ya kwanza nilizungumza kwa dakika nzima kabla ya Spika kunieleza, kwa upole, kwamba kipaza sauti changu hakijawashwa na kwamba sijaruhusiwa kusema.

Kila Jumamosi nilirudi nyumbani, na kila Jumamosi nilimkuta mwenyekiti sokoni.

"Muga, mheshimiwa," alinisalimu. "Leo ni siku ya ishirini na nane."

Akarudi kwenye majani yake. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya thelathini na tano. Nilianza kununua ndizi upande mwingine wa soko. Siku ya arobaini na mbili alinifuata huko.

Siku ya sitini na kitu niliwasilisha hoja, na hoja ikapita. Hakuna aliyeipinga, kwa sababu hakuna anayesimama bungeni kupinga choo. Wenzangu walipiga meza makofi. Nilikodi gari la vipaza sauti, nikaingia nalo sokoni Jumamosi nikitangaza kwamba choo kimepita. Akina mama waliacha meza zao wakaja. Bibi kizee mmoja muuza viazi vikuu alikuja amefunga leso vizuri kiunoni, akaniuliza kiko upande gani.

"Hoja imepita," nilimwambia. "Hoja inaihimiza serikali ya kaunti ifikirie kujenga."

Nikaitoa karatasi yenyewe, yenye muhuri. Mwenyekiti aliipokea, akaisoma polepole, kisha akaigeuza kuona kama upande wa nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu. Akanirudishia.

"Hapa panasema wafikirie," alisema. "Sisi tulishafikiria, mwalimu."

Jumatatu niliingia kwa hasira katika ofisi ya mwandishi wa miswada ya bunge. Alikuwa wakili kijana, na kwa bahati yangu njema au mbaya alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimwekea bahasha ya kaki mezani nikamwambia nataka sheria, si hoja, na ninaitaka kabla ya siku ya mia.

Alizisoma kurasa zangu tatu akiwa na kalamu mkononi. Alipomaliza, kurasa zilikuwa nyekundu kuliko daftari lolote nililowahi kusahihisha.

"Mwalimu," alisema, "hapa umesema kila soko lazima liwe na choo. Soko ni nini? Wanawake watano wakiuza nyanya kando ya barabara, hilo ni soko? Na choo kikijaa, nani anashtakiwa? Umeandika 'mhusika'. Mhusika ni nani?"

"Si mtarekebisha tu hapo kwa hapo?"

"Tutarekebisha. Halafu kamati ya fedha iangalie. Halafu isomwe. Halafu twende kusikiliza wananchi." Akafunga kalamu yake. "Unakumbuka ule mchoro wako? Mimi nilidhani bungeni mtu anatoka kisanduku kimoja anaingia kingine siku hiyohiyo. Nilipoajiriwa hapa ndipo nilipojua ule mshale mmoja unaweza kuchukua miezi minane."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa amepata alama nzuri kwa mchoro huo. Nikaona haitasaidia.

Siku ya mia yenyewe nilikuwa Embu. Kamati yetu ilikuwa imekwenda katika ziara ya mafunzo kuona masoko ya majirani, aina ileile ya ziara ambayo kule kwenye benchi la fundi niliiita utalii wa kodi. Nililala kwa dada yangu aliyeolewa huko, mtaa wa Dallas, na simu yangu niliizima kwa kisingizio cha kutunza betri. Dada yangu alinipakulia mukimo, akanitazama nikila.

"Kwani leo si ndiyo siku yenyewe?" aliuliza. Habari ilikuwa imevuka mto Thuci kabla yangu.

"Mambo ya serikali yana utaratibu," nilimjibu.

"Hivyo ndivyo alivyosema yule uliyemtoa."

Kesho yake tuliongozwa hadi kwenye choo cha soko moja, safi, chenye maji, na chumba cha mama kubadilishia mtoto. Nilimwendea mama aliyekuwa akikitunza, nikamuuliza kilijengwa kwa muda gani. Aliegemea ufagio wake akafikiri.

"Kujenga ni miezi mitatu tu. Lakini kilipoanza kuzungumzwa nilikuwa na kitinda mimba wangu mgongoni. Sasa yuko gredi ya saba. Mheshimiwa wa kwanza alikisema, wa pili akakipigia kelele, wa tatu akakata utepe."

Wenzangu wote walimsikia. Mimi niliandika kwenye ripoti kwamba vigae vilikuwa vya rangi ya samawati na kwamba vinafaa kuigwa.

Miezi ilipita. Mwenyekiti aliacha kunihesabia siku, na nilikosa usingizi kwa ukimya huo zaidi ya hesabu. Mwaka wa pili mswada ulisomwa mara ya kwanza, ukaletwa kwetu kwa ajili ya maoni ya wananchi. Ukumbi wa chifu ulijaa. Nilisimama kueleza kifungu kwa kifungu, na nilipofika kifungu cha nne mzee mmoja wa miraa aliniuliza, kama ananisaidia, kwa nini nisichukue tu jembe. Watu wakacheka. Fundi wa viatu, ambaye benchi lake lilikuwa limenifikisha hapo, alisimama akauliza mtu mzima anawezaje kukaa bungeni mwaka mzima na asilete kitu cha kushikika. Alilitamka vizuri, maana alilisikia kwangu jioni nyingi. Nilitafuta jibu nikakuta sikuwahi kuliandaa. Nilipokuwa nikiuliza swali hilo, sikuwa nimetarajia kujibiwa.

Mwenyekiti hakuja kwenye mkutano huo. Nilifikiri amenikasirikia. Siku mbili baadaye nilisikia kwamba alianguka sokoni, katikati ya majani yake, akabebwa hadi hospitali mjini Maua.

Nilikwenda kumwona pamoja na mke wangu. Alikuwa amelala upande, uso umekonda, mrija wa maji mkononi. Muuguzi alitueleza kwamba ana ugonjwa wa figo, na kwamba alipoulizwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku, alijibu bila kusita kwamba siku za soko hanywi kabisa. Tangu choo kibomoke hakuwa akinywa maji wala uji kuanzia alfajiri hadi arudi nyumbani jioni. Wenzake wengi walifanya hivyo. Lilikuwa jambo la kawaida kwao, na hakuna aliyefikiri ni la kumwambia mheshimiwa.

Nilivuta kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kuhusu kamati na kifungu cha nne.

"Mwalimu," alisema kabla sijafungua mdomo, "leo usinieleze."

"Sitakueleza."

"Basi nipe maji."

Nilimimina kikombe, akanywa. Nikamimina kingine, akakimaliza pia.

"Hapa choo kiko karibu," alisema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Mtu anakunywa tu."

Nilikaa na kile kikombe kitupu mkononi. Nimewahi kuaibishwa mbele ya mamia ya watu nikalala vizuri. Siku hiyo waliokuwepo walikuwa wanawake wawili na muuguzi, na mmoja wao alikuwa akinishukuru kwa maji, na sikujua niangalie wapi.

Tulipotoka nje, mke wangu alitembea nami hadi langoni. Kisha akasema, "Baba watoto, kanisa letu lina vyoo vinne."

"Ndiyo."

"Na linapakana na soko."

"Ndiyo."

"Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi vinafanya nini?"

"Vimefungwa kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

Ufunguo ulikuwa na kamati ya majengo ya kanisa. Mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kanisa nilikuwa mimi. Nilikuwa mwenyekiti tangu kabla ya kampeni, na mwaka wa kampeni ni mimi niliyependekeza tununue kufuli kubwa zaidi, kwa sababu watu wa sokoni walikuwa wakiingia.

Jumapili, baada ya ibada, niliomba wazee wabaki. Nilieleza kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutumia mfano. Mzee mmoja aliuliza nani atafagia. Akina mama wa soko watapeana zamu, nilisema. Mwingine aliuliza kuhusu maji, mke wangu akasema tangi la kanisa hujaa mvua zote mbili za mwaka na hakuna anayelitumia. Mchungaji akasema hana neno. Tulimaliza chai ikiwa bado moto. Jumatatu vyoo vilikuwa wazi.

Mwenyekiti wa akina mama aliporudi sokoni, baada ya wiki kama tatu, nilimpeleka mwenyewe kumwonyesha. Alisukuma mlango wa kwanza, akatazama ndani, akasukuma wa pili.

"Hivi ulikuwa navyo tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya kura."

Alisukuma wa tatu na wa nne. Kisha yule mama asiyecheka ovyo akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe tulikupeleka Meru bure," alisema. "Tungekuacha tu hapa na ufunguo wako."

Ningependa hadithi iishie hapo, ningeonekana mtu aliyejifunza. Lakini vyoo vinne vya waumini mia mbili vikitumiwa na soko zima havidumu. Mashimo yalijaa kabla ya mwaka kwisha. Siku za mazishi kanisa lilivihitaji, na soko lilibanwa. Mchungaji alihamishwa, aliyekuja hakupenda mpango ule, na kufuli ikarudi. Nilipomlalamikia aliniambia, kwa heshima, kwamba yeye hakuahidi mtu choo. Alikuwa na haki. Wema wa kanisa ulitegemea mtu aliyekuwa na ufunguo siku hiyo, na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na umri wa miaka hamsini na moja, kwa nini mtu anataka sheria. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo pia, kwenye kisanduku kimoja kabla ya vile vingine.

Nikarudi kwa yule wakili kijana, safari hii bila hasira, nikamuuliza nifanye nini. Alinipa orodha. Nilihudhuria kamati ya fedha hadi wakanichoka. Mwaka wa tatu mswada ulisomwa mara ya mwisho, ukapita, ukatiwa saini. Sikukodi gari la vipaza sauti. Nilimpigia mwenyekiti simu nikamwambia sheria ipo.

"Na choo?"

"Choo bado."

"Asante kwa kusema ukweli," akasema, akakata.

Kwa sheria hiyo masoko yangejengewa kwa zamu, kuanzia yale yenye hali mbaya zaidi. Kigezo hicho nilikipendekeza mimi, kwa sauti kubwa, nikisifiwa kwa kutokuwa na ubinafsi. Ukaguzi ulipofanywa ilionekana kuna masoko mengi mabaya kuliko letu. Tukawa nyuma sana kwenye orodha, na uchaguzi ukafika kabla ya zamu yetu.

Mshindani wangu alikuwa kijana mchangamfu, na aliona siku mia ni kuchelewesha watu. Yeye aliahidi mwezi mmoja. Nilimsikiliza nikiwa nyuma ya umati na nilitaka kumvuta shati, lakini watu walikuwa wakipiga vigelegele, na nilikumbuka vigelegele hufanya nini kichwani mwa mtu. Nilishindwa hata katika kituo cha kura cha shule niliyofundisha.

Choo kilijengwa baada ya mwaka mmoja na nusu, zamu yetu ilipofika. Kwa miezi mitatu, kama alivyosema yule mama wa Embu. Siku ya kufunguliwa nilialikwa nikaketi safu ya tatu, nyuma ya wazee wa miraa. Mheshimiwa mpya alikata utepe, akina mama wakaingia, na baada ya dakika moja wakatoka. Mabomba hayakuwa na maji.

Manung'uniko yalianza. Yule kijana alishika kipaza sauti akasema kwamba jengo ni idara moja na maji ni idara nyingine, na nikaona jasho likimtoka mahali palepale lilipokuwa likinitoka mimi. Nilimwonea huruma hata nikasimama.

"Jamani," nilisema, "mheshimiwa anasema kweli. Huu ni utaratibu. Idara ya maji ina bajeti yake, ambayo lazima kwanza—"

"Mwalimu, kaa," mwenyekiti alisema.

Nikakaa. Mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka kunitazama, akarudisha uso wake mbele.

Mwenyekiti alitembea hadi kwa yule kijana. Alikuwa ameshapona vizuri, ingawa sasa hutembea na chupa ya maji mkononi kama alivyoagizwa na daktari.

"Usitupe siku," alimwambia. "Tupe namba ya simu ya mtu wa maji."

Kijana alimtajia namba, naye akapiga palepale, mbele yetu sote, akajitambulisha kwa cheo, akaeleza sheria inasema nini kuhusu maji katika vyoo vya soko. Kifungu alikijua kwa namba yake. Aliuliza jina la fundi na siku atakayokuja, akayarudia kwa sauti ili wenzake wayasikie. Maji yalifika wiki iliyofuata, siku ambayo si ya soko, na hapakuwa na mheshimiwa yeyote.